Mwongozo kamili wa Port Ellen ya zamani: kuisoma chupa, kuikagua, kuinunua na kuimimina

Wiski za moshi za Scotland ni nyingi, lakini chache hutajwa kwa heshima kama Port Ellen iliyokenekwa hadi 1983. Bei yake inatisha, matapeli wake hawalali, na hadithi zake nusu ni kweli, nusu zimetiwa chumvi. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuifuatilia bila kuingizwa mjini. Huenda unataka chupa ya kuweka, huenda una ndugu Uingereza aliyekutumia picha akiuliza "nimeiona mnadani, nichukue?", au unataka toti moja tu ujue watu wanalilia nini.

Niseme msimamo wangu mapema. Port Ellen imekuwa adimu kwa sababu kiwanda kilifungwa. Haikuwa kwa sababu kila pipa lake lilikuwa bora. Zipo chupa za ajabu, na zipo za kawaida kabisa zinazouzwa kwa bei ya zile za ajabu. Usinunue jina. Nunua chupa unayoweza kuieleza: imekenekwa lini, imejazwa lini, na nani, na imepitia mikono ipi.

Hatua ya kwanza: ishike historia, ndiyo itakayokukamatia waongo

Islay ni kisiwa cha pwani ya magharibi ya Scotland. Kina upepo, mvua na wakazi wachache, lakini viwanda vya wiski vimejaa. Mji wa Port Ellen, upande wa kusini, ulianzishwa 1821 na mwenye ardhi aliyeitwa Walter Frederick Campbell, naye akaupa jina la mkewe. Kiwanda kilisimama pale 1825. Aliyekipa uhai ni John Ramsay, kijana aliyekikuta kikiyumba katika miaka ya 1830, akakishikilia hadi alipofariki 1892. Ramsay alikuwa mfanyabiashara mwenye macho ya mbali: alisafirisha wiski yake moja kwa moja hadi Amerika wakati wengi walikuwa wanawauzia madalali wa bara.

Baada ya familia yake kuuza, kiwanda kiliangukia kwa kampuni kubwa ya Distillers Company, nayo ikakifunga 1930. Mitambo ilinyamaza kwa miaka 37. Kilifunguliwa tena 1967 kikiwa kimejengwa upya, na mitungi ya shaba ya kukenekea ilitoka miwili ikawa minne. Mwaka 1973 kando yake kikajengwa kiwanda kikubwa cha kuotesha na kukausha kimea, ambacho kinafanya kazi mpaka leo na kulisha viwanda jirani.

Kisha ikaja 1983. Wiski ilikuwa imezalishwa kupita kiasi miaka ya 1970, soko likashuka, maghala yakafurika. Distillers Company ikapitisha panga: Port Ellen, Brora, Dallas Dhu, Glen Mhor, St Magdalene na vingine vikafungwa mwaka huohuo. Pale Islay kampuni ilikuwa na viwanda vitatu. Caol Ila kilikuwa kimejengwa upya mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kilikuwa kikubwa. Lagavulin kilikuwa na jina. Port Ellen, ambacho wiski yake karibu yote ilikuwa inaishia kwenye michanganyiko, yaani wiski zinazochanganywa kutoka viwanda vingi, ndicho kikatolewa kafara. Wakati ule hakuna aliyelia sana. Machozi yalikuja miaka kumi na kitu baadaye, watu walipoonja mapipa yaliyobaki.

Diageo, warithi wa kampuni ile, walitangaza Oktoba 2017 kwamba watafufua Port Ellen na Brora. Brora ilianza Mei 2021, Port Ellen Machi 2024.

Sasa tumia historia hiyo kama chujio. Chupa yoyote inayodai wiski ya Port Ellen iliyokenekwa kati ya 1931 na 1966 ni ya uongo, na huna haja ya kumuuliza muuzaji swali la pili. Yoyote inayodai mwaka kati ya 1984 na 2023, vivyo hivyo. Na kwa kuwa sheria inataka miaka mitatu ndani ya pipa, kinachotoka kwenye mitambo mipya hakiwezi kuitwa wiski ya Scotland kabla ya 2027. Kwa hiyo Port Ellen yote halali iliyoko sokoni leo, ukiacha chupa za kale za kabla ya 1930 ambazo mimi nisingezigusa bila maabara, imetoka kwenye dirisha la miaka 16 tu: 1967 hadi 1983.

Hatua ya pili: uelewe moshi unatoka wapi

Watu wengi hudhani moshi wa wiski hutoka kwenye pipa lililochomwa, au kwenye maji. Hapana. Hutoka kwenye kimea. Ni kimea kilekile tunachokijua kwenye busaa na mbege, nafaka iliyoloweshwa ikaota kisha ikakaushwa, ila hapa ni cha shayiri na badala ya jua hutumika tanuri. Islay haina misitu ya maana. Kuni zao za asili ni piti, udongo mweusi wa mabwawa uliotokana na mimea iliyooza nusunusu kwa maelfu ya miaka. Hukatwa kwa matofali, hukaushwa, kisha huchomwa taratibu chini ya kimea kilicho bado na unyevu. Unyevu ni muhimu, maana moshi hushika vizuri juu ya punje mbichi. Ikishakauka, haushiki tena kwa kiasi kilekile.

Kinachobaki kwenye punje ni jamii ya kemikali ziitwazo fenoli. Ndizo zinazoleta harufu ya moshi, lami, iodini na dawa ya hospitali. Hupimwa kwa sehemu kwa milioni. Kimea cha Lagavulin na Caol Ila huwa karibu 35, cha Ardbeg karibu 55. Usidanganywe na namba hizo kwenye mabango, kwa sababu ni za kimea, si za kilichomo chupani. Sehemu kubwa ya fenoli hupotea wakati wa kupika na kukeneka, na miaka ndani ya pipa huzila nyingine. Ndiyo maana Port Ellen ya miaka 30 haina moshi wa kukaba koo. Moshi wake umerudi nyuma, na mbele yake yametokea mengine: ganda la limau, nta, chumvi ya bahari, lami kwa mbali. Mtu anayetaka kupigwa moshi usoni anunue Laphroaig au Ardbeg changa kwa bei ya kibinadamu, na atakuwa amepata anachokitaka.

Hatua ya tatu: isome lebo kwa kalamu mkononi

Lebo ya wiski ya Scotland ni hati ya kisheria. Kanuni za 2009 zinataka yafuatayo: ikenekwe Scotland, ikae humohumo kwenye pipa la mwaloni lisilozidi lita 700 kwa miaka isiyopungua mitatu, na ijazwe ikiwa na kilevi kisichopungua asilimia 40. Ikitajwa miaka, ni miaka ya wiski changa kuliko zote zilizomo. Ukitajwa mwaka wa kukenekwa, basi kila tone limekenekwa mwaka huo.

Miaka huhesabiwa ndani ya pipa tu. Wiski ya miaka 12 iliyojazwa 1980 bado ni ya miaka 12 leo. Muuzaji anayekuambia "hii sasa imefika miaka 57" ama hajui, ama anajua sana.

Fanya hesabu ya kujumlisha. Toleo rasmi la kwanza la kila mwaka la Port Ellen lilitoka 2001: lilikenekwa 1979, lina miaka 22, asilimia 56.2, chupa 6,000. 1979 jumlisha 22 ni 2001, inakubali. La pili, 2002: la 1978, miaka 24, asilimia 59.35. Inakubali. La 17, lililotoka 2017, ni la 1979 na limeandikwa miaka 37. Hapa 1979 jumlisha 37 inatoa 2016. Si kosa. Anayejaza anaweza kuchelewesha kuuza, au wiski ikawa imetolewa pipani na kujazwa chupani mwezi ambao siku yake ya kuzaliwa haijafika. Hesabu ikipungua mwaka mmoja au miwili, vumilia. Ikizidi, yaani miaka iliyoandikwa ni mingi kuliko inayowezekana, funga ukurasa.

Tazama pia asilimia. Kwenye maghala yenye unyevu ya Scotland, pipa hupoteza karibu asilimia 2 kwa mwaka hewani, wao huiita fungu la malaika, na kilevi hushuka polepole. Linganisha 56.2 ya miaka 22 na 51.0 ya miaka 37 kutoka mwaka uleule wa 1979. Chupa ya miaka 35 inayodai asilimia 63 itakuwa kioja.

Na ujazo. Ulaya ilihama kutoka sentilita 75 kwenda 70 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Marekani ilibaki na mililita 750. Kwa hiyo Port Ellen iliyojazwa 2005 kwa soko la Uingereza ikiandikwa 75 cl inahitaji maelezo. Chupa ya soko la Marekani iliyojazwa baada ya 1989 lazima iwe na onyo la serikali kuhusu afya. Na ukiona nguvu imeandikwa kwa kipimo cha kale cha Uingereza, ambapo nyuzi 70 ni sawa na asilimia 40, ujue chupa inadai kuwa ya kabla ya miaka ya 1980, basi kila kitu kingine juu yake kiwe cha umri huo.

Hatua ya nne: chagua njia yako kabla ya kuangalia bei

Njia ya kwanza ni matoleo rasmi ya Diageo: yale 17 ya kila mwaka kati ya 2001 na 2017, na kabla yake chupa za mfululizo wa Rare Malts, zote mbili za 1978, moja ya miaka 20 na nyingine ya 22, kali kupita asilimia 60. Ndizo rahisi kuzihakiki kwa sababu kila chupa inafanana na mwenzake, picha zake zipo kila mahali, na rekodi za minada ni nyingi. Ndizo ghali pia. La kwanza liliuzwa 2001 kwa pauni 100 na ushei tu. Leo, usiulize.

Njia ya pili ni wajazaji huru, kampuni zinazonunua mapipa na kuyajaza kwa lebo zao: Gordon & MacPhail wa Elgin, Cadenhead, Signatory, Douglas Laing na wengine. Hawa ndio walioiweka Port Ellen midomoni mwa watu wakati wenye kiwanda bado walikuwa wanaitia kwenye michanganyiko. Kwa anayetaka kuinywa, hapa ndipo ningeelekea. Pipa moja moja lina tabia yake, bei mara nyingi iko chini ya matoleo rasmi, na ladha haiko nyuma. Tatizo ni kwamba mapipa yanatofautiana mno. Mengi yalikuwa yameshatumika mara kadhaa, na baadhi yalikuwa yamechoka: ndani yake wiski inatoka nyembamba, kali, yenye moshi na limau basi. Tafuta maoni ya watu walioonja pipa lenye namba ileile, wala si "Port Ellen ya Signatory" kwa ujumla.

Njia ya tatu ni chupa za makumbusho, kama ile ya miaka 12 iliyojazwa kwa ajili ya ziara ya Malkia Elizabeth kwenye kiwanda cha kimea 1980. Hizo ni za matajiri wanaoshindana wenyewe kwa wenyewe. Tuwaache.

Ipo njia ya nne ambayo haina sifa lakini ina akili: nunua toti. Baa kubwa za wiski za Scotland, London na kwingineko huwa na chupa wazi, na wauzaji wa vichupa vya sentilita 3 au 5 wapo Ulaya. Ukionja ukaona si yako, umeokoa fedha ya kununulia pikipiki.

Hatua ya tano: ikague kama askari wa forodha

Hapa usiwe na haraka wala haya.

Mwaka 2017, kwenye hoteli moja ya St Moritz, Uswisi, mgeni kutoka China alilipa faranga karibu 10,000 kwa toti moja ya sentilita 2 iliyotoka kwenye chupa ya wiski ya Macallan iliyoandikwa 1878. Picha zikasambaa, wajuzi wakatilia shaka kizibo na lebo. Hoteli ikatuma sampuli kupimwa, na maabara ya Oxford ikaona kwamba kilichomo kilitengenezwa takriban kati ya 1970 na 1972. Hoteli ilimrudishia mgeni fedha zake. Chupa ile ilikuwa imekaa kwenye mkusanyiko kwa miaka mingi na hakuna aliyewahi kuitilia shaka.

Mwaka uliofuata, maabara ya SUERC ya Scotland ilipima chupa 55 za wiski zilizodaiwa kuwa adimu. Kati yake 21 ama zilikuwa feki kabisa, ama hazikukenekwa mwaka ulioandikwa.

Kipimo chenyewe kinavutia. Majaribio ya mabomu ya nyuklia angani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 yaliongeza kaboni-14 hewani duniani kote, ikafika kilele katikati ya miaka ya 1960 kisha ikaanza kushuka. Shayiri hula hewa ya mwaka wake, kwa hiyo wiski hubeba alama ya mwaka ilipovunwa. Wiski ya kweli ya 1920 haina alama ya mabomu. Kwa Port Ellen ya 1967 hadi 1983 kipimo hiki kinafaa vilevile, kwa sababu viwango vilikuwa vinashuka mwaka hadi mwaka. Lakini gharama yake inafaa kwa chupa ya maelfu ya pauni, na lazima utoboe au ufungue.

Kwa macho na tochi, fanya hivi. Omba picha sita: mbele, nyuma, kizibo na foili kwa karibu, kimo cha wiski dhidi ya mwanga, kitako cha chupa, na namba za kundi zilizochapwa kwenye kioo kama zipo. Muuzaji mkweli hatakasirika. Kisha tafuta picha za chupa ileile kwenye kumbukumbu za minada, uweke mbili hizo sambamba kwenye skrini. Usitazame jina la kiwanda, matapeli hawakosei hapo. Tazama vitu vidogo: nafasi kati ya herufi, ukingo wa lebo ulivyokatwa, rangi ya foili, mshono wa foili, urefu wa shingo ya chupa, namba ya chupa ilivyoandikwa.

Foili ndiyo sehemu inayosema sana. Feki nyingi za wiski za kisasa hazitengenezwi kutoka mwanzo. Ni chupa halali zilizonywewa, zikanunuliwa tupu mtandaoni, zikajazwa wiski ya moshi ya bei rahisi na kufunikwa upya. Lebo ni ya kweli, kioo ni cha kweli, namba ni ya kweli. Kilichochakachuliwa ni kilichomo na kilichofunika. Ukiona foili ina mikunjo isiyo ya kawaida, imeshuka chini kuliko ya picha za mnadani, au ina gundi pembeni, acha.

Kimo cha wiski nacho kina habari mbili. Kikiwa chini sana, huenda kizibo kimeachia hewa na wiski imepoa nguvu. Kikiwa juu mno kwenye chupa ya miaka 25 iliyopita, juu kuliko wenzake wote, jiulize nani kajaza na lini.

Rangi isikupumbaze. Mapipa mengi ya Port Ellen yalikuwa ya kurudiarudia, kwa hiyo wiski yake huwa ya manjano hafifu hata ikiwa na miaka 25. Nyeusi tii haimaanishi ya zamani.

Hatua ya sita: nunua ukiwa umeshapiga hesabu yote

Soko kubwa la chupa hizi ni minada ya mtandaoni, mingi ikiwa Scotland kwenyewe. Whisky Auctioneer wa Perth na Scotch Whisky Auctions wa Glasgow ni miongoni mwa yanayojulikana. Faida yao ni kwamba chupa hufika mikononi mwa wakaguzi kabla ya kuuzwa. Muuzaji binafsi kwenye kundi la mitandao ya kijamii, hata awe na maneno matamu namna gani, hana hilo.

Bei ya nyundo, yaani ile unayoshindia mnada, si bei yako. Tuseme umeshinda kwa pauni 1,200, na mnada unatoza ada ya mnunuzi ya asilimia 10. Hiyo ni 120. Kodi ya Uingereza ya asilimia 20 juu ya ada ni 24. Umefika 1,344 na chupa haijatoka ghalani. Ongeza bima na usafirishaji. Kwa hiyo kabla mnada haujaanza, andika kwenye karatasi kiasi cha mwisho ukiwa umeshatoa hayo yote, na dakika tano za mwisho zikifika usiiguse karatasi hiyo. Minada mingi huongeza muda kila anapojitokeza mshindani mpya, na hapo ndipo watu hupoteza akili.

Kuileta Afrika Mashariki ni shughuli nyingine. Wasafirishaji wengi wa vifurushi hawapokei pombe kwa mtu binafsi, na wanaopokea watakukabidhi kwa forodha, ushuru na stempu. Njia inayowafaa wengi ni msafiri. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki humruhusu abiria mtu mzima kuingia na pombe kali isiyozidi lita moja bila ushuru, na chupa ya sentilita 70 inaingia humo. Mashirika ya ndege huruhusu pombe ya kati ya asilimia 24 na 70 kwenye begi la chini, mradi iwe kwenye chupa yake iliyofungwa na isizidi lita 5 kwa mtu. Iviringwe kwenye nguo, itiwe kwenye mfuko usiovuja, iwekwe katikati ya begi. Risiti ibaki mkononi. Na kama safari inabadilishia ndege kwenye nchi yenye masharti makali ya pombe, uliza kabla ya kukata tiketi.

Hatua ya saba: ihifadhi

Isimamishe wima. Wiski si mvinyo. Ukiilaza, kilevi kikali hukila kizibo cha gome na ladha huharibika. Iweke gizani, mbali na jua na taa kali, mahali ambapo joto halipandi na kushuka. Dar es Salaam au Mombasa hiyo maana yake ni kabati la chumba cha ndani, kamwe si juu ya friji wala rafu ya sebuleni inayopigwa na jua la saa kumi. Kama utaikalisha miaka, zungushia shingo utepe wa nta unaotumika maabara kuzuia mvuke usitoke. Piga picha ya kimo cha wiski siku ya kwanza, urudie kila mwaka.

Hatua ya nane: ifungue na uimimine

Kizibo cha miaka mingi hukauka na kukatika. Siku ya kufungua, ilaze chupa sekunde chache kizibo kilowe, isimamishe, kisha zungusha polepole huku ukivuta kwa mkono uleule. Kikikatika, usikisukume ndani kwa kisu. Tumia kizibuo chembamba, na vipande vikiangukia ndani, chuja kwa kichujio cha kahawa kwenye chupa safi ya kioo isiyo na harufu.

Glasi iwe ndogo, yenye tumbo na mdomo mwembamba. Ioshe kwa maji matupu, maana harufu ya sabuni huua kila kitu. Mimina mililita 25, funika kwa kisosi, iache robo saa. Usitie barafu, wala soda; kwa kinywaji cha bei hii ni dhuluma. Nusa mdomo ukiwa wazi kidogo, glasi ikiwa chini ya pua na si ndani yake.

Kisha maji, na hapa sikubaliani na wanaosema maji ni dhambi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Sweden, walionyesha kwamba guaiakoli, mojawapo ya molekuli zinazobeba harufu ya moshi, hukaa zaidi karibu na uso wa kinywaji kilevi kikiwa chini ya asilimia 45, na huzama kikipita 59. Kwa chupa ya asilimia 56.2, mililita 25 zina mililita 14 na nukta ya kilevi. Ongeza kijiko kimoja cha chai cha maji, mililita 5, unashuka hadi karibu asilimia 47. Robo kijiko zaidi unafika 45. Usiyatie yote mara moja. Nusu kijiko, nusa, onja, ngoja dakika mbili, ongeza. Utaona moshi unasogea mbele, kisha limau, kisha nta mdomoni, na mwisho chumvi inayobaki ulimini. Kuna chupa ambazo hufa kabisa zikiguswa na maji. Hizo ndizo zile za mapipa yaliyochoka.

Baada ya kufunguliwa, hewa inaanza kazi. Ikifika nusu, hamishia kwenye vichupa vidogo uvijaze hadi shingoni, na uandike tarehe. Usiiwekee "siku maalumu" isiyofika. Wiski nyingi za namna hii zimenyauka kabatini zikimsubiri harusi ya mtoto ambaye bado yuko shule ya msingi.

Chupa ikiisha, usiiuze tupu na usiitupe nzima. Kwaruza lebo kwa kisu, kata foili, vunja kizibo. Chupa tupu ya Port Ellen ina bei yake mtandaoni, na wanaoinunua si wote wanaitaka kwa ajili ya kuweka maua.